Hadidiski au SSD? Mwongozo kamili wa kuchagua, kununua na kufunga diski ya laptopu Nairobi

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anashuka Luthuli Avenue, analipa kwa M-Pesa, anapanda matatu na SSD mpya (diski ya kisasa isiyozunguka) mfukoni, kisha akifungua laptopu nyumbani anakuta haina pa kuichomeka. Au pa kuichomeka papo na skrubu inakaza vizuri, lakini kompyuta haiioni. Wengine hufika mbali zaidi: Windows inanakiliwa hadi mwisho, halafu laptopu ikiwashwa kioo kinabaki cheusi.

Karibu yote hayo yanatokana na kununua kabla ya kutazama. Fuata hatua kwa mpangilio wake, na usiruke ya tatu hata kama muuzaji atakuapia kwamba zote ni sawa tu.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota saizi PH0, na PH1 kwa skrubu kubwa kidogo. Baadhi ya laptopu zina skrubu za Torx T5, kwa hiyo zitazame kwanza.
- Kadi ya benki iliyokwisha muda, ya kufungulia kava. Kisu hukwaruza na huvunja vishikizo.
- Kebo ya USB 3 ya kuunganisha diski ya SATA ya inchi 2.5, au kasha la USB la M.2. Utachagua mojawapo baada ya hatua ya 3.
- Flashi ya GB 8 au zaidi.
- Diski ya nje yenye nafasi ya kutosha faili zako zote.
- Simu ya kupigia picha na kisosi cha kuwekea skrubu.

## Hatua ya 1: Amua diski itafanya kazi gani

Hadidiski ni sahani inayozunguka. Ile ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Kichwa kinachosoma lazima kwanza kisogee hadi kwenye mstari wenye data, kisha kisubiri sahani iilete data hiyo chini yake. Ukijumlisha, kila mruko hula milisekunde 15 hadi 20, kwa hiyo kwa sekunde moja unapata miruko 50 au 60 tu. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huku. Ndiyo maana unawasha laptopu, unaenda kuchemsha chai, unarudi na kikombe mkononi, na kale kaduara bado kanazunguka.

SSD haina kinachozunguka. Hufikia kipande chochote kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na hapo ndipo tofauti yote ilipo. Zile namba kubwa za kwenye pakiti, MB 550 kwa sekunde kwa SSD za njia ya zamani iitwayo SATA au MB 3500 kwa zile za njia mpya iitwayo NVMe, hupimwa kwa kusoma faili moja kubwa mfululizo. Kutoka hadidiski kwenda SSD ya SATA ni mbingu na ardhi. Kutoka SATA kwenda NVMe, mtu wa barua pepe, Excel na Zoom ataona tofauti ndogo sana, labda asiione kabisa.

Kwa faili kubwa zinazosomwa mfululizo, hadidiski bado haijashindwa. Hutoa MB 80 hadi 150 kwa sekunde, na hiyo yatosha kutazama filamu au kuhifadhi picha za harusi. Gawa kazi hivi:

Windows na programu: SSD. Hapa hakuna mjadala.

Laptopu inayobebwa kila siku: SSD pia. Kichwa cha hadidiski huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Laptopu iliyofunikwa bila kuzimika vizuri, ikatiwa kwenye begi na kurukishwa matuta juu ya bodaboda, inaweza kugonganisha kichwa na sahani, na mkwaruzo huo hauna dawa.

Nakala za akiba, video na picha za miaka mingi: hadidiski, kwa sababu bei ya kila GB moja ni ya chini.

CCTV: hadidiski, tena ile iliyotengenezwa kwa kurekodi kamera kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Piga hesabu. Kamera ya megapikseli 2 inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza GB 43 kwa siku. Kamera nne ni GB 173. Diski ya TB 1 itakupa siku tano na ushee, na ya TB 2 siku kumi na moja. SSD ya GB 500 ingekupa siku tatu tu, na kwa kuandikwa usiku na mchana ingechakaa kabla ya wakati.

Kompyuta ya mezani haina haja ya kuchagua: weka SSD ya GB 256 kwa Windows na hadidiski ya inchi 3.5 kwa mizigo.

## Hatua ya 2: Hakikisha mkosaji ni diski

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Tazama safu ya diski laptopu inapokwama. Ikiwa diski imesimama kwenye asilimia 100 huku prosesa iko chini ya 30, mkosaji umempata.

Tazama pia RAM. Laptopu ya GB 4 ikijaa, Windows huanza kutumia diski kama RAM ya kuazima. SSD itapunguza maumivu, lakini tiba kamili ni kuongeza RAM hadi GB 8. Ukiwa na pesa ya kimoja tu na diski yako ni ya kuzunguka, anza na SSD.

Kisha pakua CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, usome mistari mitatu inayohesabu vipande vibovu: 05, C5 na C6. Mstari wa C5 huhesabu vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado haijaamua la kuvifanya. Ukiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri, acha kila kitu, nakili faili zako muhimu sasa hivi, ndipo uendelee. Mstari wa C7 ukipanda peke yake, mara nyingi diski ni nzima na kebo ndiyo mbovu.

Onyo: diski ikitoa mlio wa tak-tak-tak unaojirudia, izime. Kila dakika inayozunguka katika hali hiyo hupunguza uwezekano wa kuokoa data.

## Hatua ya 3: Fungua laptopu na utazame

Zima kabisa, chomoa chaja, na kama betri inatoka, itoe. Piga picha ya skrubu kabla ya kuzigusa, kwa sababu mara nyingi hazilingani urefu. Skrubu ndefu ikirudishwa penye fupi hutoboa ubao au husukuma kibodi juu. Zipange kwenye kisosi kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa.

Ukiinua kava, utakutana na mojawapo ya haya:

Nafasi ya inchi 2.5. Hadidiski ya laptopu ina upana wa mm 70 na urefu wa mm 100, na huchomekwa kwenye soketi bapa yenye sehemu mbili. Hii ni SATA. Pima unene: kuna za mm 7 na za mm 9.5. SSD nyingi ni mm 7, kwa hiyo kama ya zamani ni mm 9.5 utahitaji fremu nyembamba ya plastiki ili mpya isicheze.

Nafasi ya M.2. Ni soketi fupi ya kuchomeka kadi kama ubani wa kutafuna. Upana ni mm 22, na urefu husomeka kwenye namba: 2280 ni mm 80, 2242 ni mm 42, 2230 ni mm 30. Tundu la skrubu litakuambia urefu gani unaingia.

mSATA. Kadi pana na fupi, mm 30 kwa 51, iliyotumika kwenye baadhi ya laptopu za mwaka 2012 hadi 2014 hivi. Haiingiliani na M.2 hata kidogo.

Diski iliyochomelewa kwenye ubao. Ndivyo zilivyo MacBook za miaka ya karibuni na vilaptopu vya bei nafuu vyenye eMMC ya GB 32 au 64. Isipokuwa kuna nafasi nyingine tupu ndani, safari inaishia hapa. Funga kava, ununue diski ya nje.

Sasa sehemu inayowaangusha wengi. M.2 ni umbo tu, na umbo halikuambii diski inazungumza lugha gani. Kuna M.2 za SATA na kuna M.2 za NVMe, na zote mbili zinaweza kuingia kwenye tundu moja. Itazame kadi yenyewe: yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe. Upande wa laptopu, macho hayatoshi. Kuna tundu linalokubali kadi ya pengo moja ilhali nyaya zake ni za SATA pekee.

Njia ya uhakika ni mwongozo wa matengenezo wa mtengenezaji. Chukua jina kamili la modeli kwenye kibandiko cha chini, au bonyeza Windows na R, andika `msinfo32`, usome. HP, Dell na Lenovo huweka miongozo hii bure kwenye tovuti zao. Hapo hapo kwenye `msinfo32` tazama mstari wa BIOS Mode (BIOS ni programu inayoiamsha laptopu kabla ya Windows): kama inaonyesha UEFI au ile ya zamani iitwayo Legacy. Laptopu nyingi zilizotoka kabla ya 2014 haziwezi kuwaka kutoka NVMe hata ukipata pa kuichomeka.

Mtego mwingine uko kwenye laptopu za mtumba kutoka Uingereza, zile tunazoziita ex-UK: ndani unaweza kukuta tundu dogo la M.2 likiwa tupu, ukafurahi. Hilo pengine lilikuwa la modemu au la Wi-Fi. La Wi-Fi halitakubali SSD kamwe.

Ukifaulu: una karatasi yenye mstari mmoja, kwa mfano "inchi 2.5, SATA, mm 7" au "M.2 2280, NVMe". Bila karatasi hiyo usiende mjini.

## Hatua ya 4: Chagua ukubwa

GB 120 haitoshi tena. Windows 11 yenyewe inadai kuanzia GB 64, na masasisho humeza zingine. Anza na GB 240 au 256. Mwenye video au michezo achukue GB 500.

Usishtuke ukiona GB 256 imesomeka 238 kwenye Windows, au TB 1 ikasomeka 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1024. Acha asilimia 15 hadi 20 tupu, kwa kuwa SSD iliyojaa pomoni hupunguza kasi.

## Hatua ya 5: Nunua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Luthuli, Moi Avenue na River Road ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Ulizia maduka matatu kabla ya kutoa pesa, na usitaje bajeti yako kwanza.

Muulize muuzaji modeli kamili, si jina la kampuni peke yake. Kampuni moja hutengeneza SSD za hali ya juu na za kubahatisha kwa wakati mmoja. Tazama namba ya TBW, yaani jumla ya data inayoweza kuandikwa katika kipindi cha waranti. Samsung 870 EVO ya GB 500, kwa mfano, ina TBW 300 na waranti ya miaka 5. Ukiandika GB 20 kila siku utatumia TB 7.3 kwa mwaka, kwa hiyo hofu ya kwamba SSD huisha haraka haimhusu mtu wa ofisini.

Omba ichomekwe pale pale dukani na CrystalDiskInfo ifunguliwe. SSD mpya inapaswa kuonyesha saa chache mno za kuwashwa, sifuri au karibu na hapo, na afya asilimia 100. Hadidiski inayouzwa kama mpya huku ikionyesha saa 30,000 imefanya kazi karibu miaka mitatu na nusu bila kulala. Imepanguswa vumbi tu ikatiwa kwenye pakiti ya rangi ya fedha. Usinunue hadidiski ya mtumba kwa ajili ya nakala za akiba.

SSD ya nje ya TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili ni bandia. Ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa ionyeshe ukubwa ambao haina.

Risiti iandikwe namba tambulishi ya diski (serial number) na muda wa waranti. Soma na yale maandishi ya chini yanayosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha kubalianeni na muuzaji, na iandikwe kwa kalamu, siku ngapi unaruhusiwa kuibadilisha.

Ukifika nyumbani ipime kwa H2testw kabla ya kuweka chochote. Programu hii hujaza diski hadi ukingoni kisha huisoma tena. Kwa USB 3, GB 240 huchukua karibu nusu saa. Kwa tundu la USB 2 ni saa nne hivi. Ikikuletea makosa, irudishe siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Nakala ya akiba na BitLocker

Nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha fungua mbili tatu kutoka huko uone kama zinafunguka.

Halafu fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) kwa haki za msimamizi, uandike `manage-bde -status`. Ikionyesha diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kuficha data, ifungue kabisa na usubiri imalize, au hakikisha una ile funguo ya tarakimu 48. Laptopu nyingi za Windows 11 huwasha ulinzi huu zenyewe na mwenyewe asijue, hadi siku anapobadilisha diski na kuulizwa funguo ambayo hajawahi kuiona. Kwa kawaida funguo huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kusajili laptopu.

## Hatua ya 7: Nakili Windows nzima au anza upya

Kuanza upya ni bora zaidi kama laptopu ina miaka kadhaa au imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Tengeneza flashi ya Windows kwa zana ya Microsoft yenyewe. Leseni ya Windows iliyokuja na laptopu hufungamana na ubao mama, kwa hiyo ukiweka toleo lile lile itajitambua ukiingia mtandaoni. Usimlipe mtu kuiamilisha.

Ukitaka kila kitu kibaki kilivyo, nakili. Clonezilla ni ya bure, lakini kwa kawaida hudai diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. Kutoka hadidiski ya GB 500 kwenda SSD ya GB 240, tumia programu ya mtengenezaji: Samsung ana yake, na Crucial na WD huwapa wateja wao toleo la Acronis. Data ipungue kwanza hadi itoshe.

Onyo kubwa kuliko yote: kabla ya kukubali, soma modeli na ukubwa wa chanzo na wa mahali pa kupeleka, kwa sauti. Ukizigeuza, utanakili utupu wa SSD mpya juu ya faili zako za miaka yote. Usitegemee majina ambayo Clonezilla huzipa diski, kama sda na sdb, hubadilika.

Chaji betri kwanza, chaja ibaki imechomekwa. Stima ikipotea katikati, laptopu itaendelea na betri. Data ya GB 200 huchukua kati ya dakika 40 na saa moja na nusu.

## Hatua ya 8: Funga diski mpya

Gusa chuma tupu ili umeme tuli ukutoke. Chomoa kebo ya betri kwenye ubao kabla ya kugusa diski.

SSD ya inchi 2.5 huteleza moja kwa moja kwenye soketi. Ikigoma, umeigeuza, usiilazimishe. M.2 huingizwa ikiwa imeinuliwa kiasi cha nyuzi 30, kisha hushushwa polepole na kufungwa skrubu. Kaza hadi isimame, basi. Vile vidoti vya dhahabu visionekane zaidi ya mstari mwembamba, la sivyo haijaingia yote.

Kama umenakili, toa diski ya zamani kabisa kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Zikiwa mbili zenye utambulisho mmoja, Windows huweza kuwaka kutoka ile usiyoitaka.

## Hatua ya 9: Washa na ukague

Kuingia kwenye BIOS ni F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 au F2 kwa Lenovo. Diski mpya iwe imeorodheshwa kwa jina lake.

*Haionekani kabisa:* haijaingia vizuri, au umenunua NVMe kwa tundu la SATA. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 3.

*Inaonekana lakini laptopu inasema hakuna pa kuwakia:* diski iliandaliwa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR huku laptopu ikitafuta UEFI, au kinyume chake. Rudisha BIOS kwenye mpangilio ulioukuta.

*Kioo cha bluu chenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE:* mara nyingi kuna aliyebadilisha mpangilio wa SATA ndani ya BIOS kutoka RAID kwenda AHCI, au kuirudisha, baada ya Windows kuwekwa. Irejeshe kama ilivyokuwa.

Ikiwaka, andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify` kwenye kidirisha cha amri. Jibu la 0 lina maana TRIM inafanya kazi, yaani Windows inaiambia SSD vipande gani vimefutwa ili ibaki na kasi. Ina upande wake mchungu: faili uliyoifuta kwenye SSD kwa kawaida hairudi, hata umpe fundi bingwa.

Ukifaulu: kutoka kubonyeza kitufe hadi kioo cha kuingilia ni sekunde 10 hadi 25 kwa laptopu ya kawaida, na safu ya diski haikai tena kwenye 100.

## Hatua ya 10: Hadidiski ya zamani

Usiifute kwa wiki mbili. Katika siku hizo ndipo utakapokumbuka faili ya ushuru au picha iliyokuwa kwenye folda ya ajabu.

Baadaye, kama mstari wa C5 ni sifuri, itie kwenye kasha la USB iwe diski ya akiba. Ya inchi 2.5 hutosheka na umeme wa USB; ya inchi 3.5 inahitaji kasha lenye adapta yake ya volti 12. Kama ina vipande vibovu, usiiwekee nakala ya pekee ya kitu chochote.

Ukitaka kuiuza, kufuta kwa haraka hakutoshi kwenye hadidiski. Ichomeke, fungua `diskpart`, andika `list disk`, itambue namba yake kwa kutazama ukubwa, ichague kwa `select disk` na namba hiyo, kisha `clean all`. Amri hiyo huandika sifuri diski nzima na haiulizi mara ya pili, kwa hiyo chomoa kwanza kila diski nyingine ya nje. GB 500 itachukua saa mbili au zaidi. Iache usiku, chaja ikiwa imechomekwa.